Lisemwalo Lihesabiwe: Huggins, Testosteroni na Saratani ya Tezi Dume

Mzee mmoja tuliyekaa naye benchi moja tukisubiri kuonana na daktari aliniambia neno ambalo sijalisahau. Mimi nilikuwa nimemsindikiza ndugu yangu. Yeye alikuja kwa ajili ya macho. Ukutani palikuwa na bango la kuwahimiza wanaume kupima tezi dume. Nikamuuliza, "Mzee wangu, na kipimo hiki umeshafanya?" Akacheka kwa upole. "Mwanangu, hilo ni gonjwa la wenye damu moto. Mimi homoni zangu zilikwisha zamani. Litanipatia wapi?" Umri wake ulikuwa umeshapita miaka 70.

Sikuwa na la kumjibu siku ile. Leo ninalo.

Mzee yule hakujitungia hoja. Aliiokota ilipodondoka, nayo ilidondoka kutoka juu sana. Kwa zaidi ya nusu karne wanafunzi wa udaktari wamefundishwa kwamba testosteroni, homoni ya kiume, ni chakula cha saratani ya tezi dume: ikizidi, saratani inazaliwa na kunenepa, ikipungua, mwanamume yuko salama. Kauli hiyo ikatoka darasani, ikaingia wodini, ikafika redioni, mwishowe ikakaa barazani. Na kila aliyethubutu kuihoji alitajiwa jina moja: Charles Huggins wa Chicago, mshindi wa Tuzo ya Nobel. Nani abishane na Nobel?

Mimi naibishia kauli hiyo, na shahidi wangu wa kwanza ni Huggins mwenyewe. Katika kazi yake mna madai mawili. La kwanza ni kwamba ukimwondolea mgonjwa homoni ya kiume, saratani yake iliyosambaa itarudi nyuma. Dai hilo lilisimama mwaka 1941 na linasimama hadi leo. La pili ni kwamba ukimwongezea mtu homoni hiyo, saratani yake itachochewa. Dai hili la pili lilikuwa na ushahidi mwembamba tangu siku ya kwanza. Kosa letu ni kuyabeba yote mawili kana kwamba yana uzito mmoja, kisha tukazalisha la tatu ambalo Huggins hakulithibitisha popote: kwamba mwenye homoni nyingi ndiye atakayeugua.

Tuanze na heshima anayostahili. Huggins alizaliwa Halifax, Kanada, mwaka 1901, akasomea udaktari Harvard, na mwaka 1927 akaingia Chuo Kikuu cha Chicago, alikofanya kazi maisha yake yote. Alikuwa daktari wa upasuaji aliyependa kufanya utafiti kwa mikono yake mwenyewe, na swali lake la mwanzo halikuhusu saratani hata kidogo. Alitaka kujua tezi dume inatengenezaje majimaji yake. Akabuni upasuaji wa kuitenga tezi ya mbwa na njia ya mkojo, ili majimaji yale yakusanywe safi na kupimwa siku hadi siku. Alipomhasi mbwa, majimaji yalikauka na tezi ikasinyaa. Alipomchoma sindano za testosteroni, yakarudi. Alipompa estrojeni, homoni ya kike, yakakatika tena.

Mbwa ana sifa moja anayoshirikiana na binadamu: akizeeka, tezi dume yake huweza kuota uvimbe. Mwanzoni mbwa wa namna hiyo walimuudhi Huggins, maana waliharibu vipimo vyake. Baadaye akawa anawatafuta. Aliona kwamba uvimbe nao ulisinyaa mbwa alipohasiwa, na hapo ndipo alipowageukia wanaume waliolala wodini.

Wanaume hao walikuwa katika hali ya kusikitisha. Saratani ya tezi dume ikisambaa hupenda mifupa: uti wa mgongo, nyonga, mbavu. Mgonjwa hawezi kugeuka kitandani bila kulia. Mwaka 1938 watafiti wa New York walikuwa wameonyesha kwamba saratani hiyo ikifika mifupani, kimeng'enya kiitwacho asidi fosfatasi huongezeka kwenye damu. Huggins akapata mizani ya kupimia. Mwaka 1941, akiwa na kijana Clarence Hodges, alichapisha matokeo: wagonjwa walipoondolewa korodani au kupewa estrojeni, kimeng'enya kile kilishuka. Mwaka huohuo akaripoti wagonjwa 21 waliohasiwa. Wengi wao walipata nafuu ya kweli: maumivu yakatulia, hamu ya chakula ikarudi, mwili ukajengeka tena.

Kabla ya hapo saratani ilidhaniwa kuwa mwasi asiyesikia amri ya mwili. Huggins alionyesha kwamba mwasi huyo bado ana kamba shingoni, na kamba hiyo inaweza kuvutwa. Alipewa Nobel mwaka 1966, miaka 25 baadaye. Sindano na vidonge vingi vya saratani ya tezi dume vinavyotolewa leo, Dar es Salaam au London, vinafuata njia aliyoichonga yeye. Asiyeyajua haya asithubutu kumkosoa.

Sasa tulitazame dai la pili. Katika makala ileile ya 1941, Huggins na Hodges waliandika kwamba sindano za homoni ya kiume huichochea saratani ya tezi dume. Sentensi hiyo ilinukuliwa na mwandishi baada ya mwandishi, kitabu baada ya kitabu. Hatimaye Abraham Morgentaler, daktari wa Boston, akafanya jambo ambalo wengi hawakulifanya: aliingia kwenye maktaba ya udaktari ya Harvard, akaitoa makala yenyewe, akaisoma hadi kwenye majedwali. Akahesabu. Waliochomwa testosteroni walikuwa watatu. Ambao matokeo yao yalitolewa ni wawili. Kati ya hao wawili, mmoja alikuwa ameshahasiwa kabla. Akabaki mtu mmoja tu ambaye homoni zake zilikuwa za kawaida kabla ya kuongezewa, na vipimo vyake vya damu vilipanda na kushuka bila mpangilio wa kueleweka.

Mtu mmoja! Juu ya mgonjwa huyo mmoja ilijengwa hofu iliyotawala udaktari wa wanaume kwa zaidi ya miaka 60. Waswahili tunasema lisemwalo lipo. Barazani huenda inatosha. Katika sayansi lisemwalo lihesabiwe kwanza.

Na tuhesabu upya kwa macho yetu wenyewe, kuanzia na lile lililo wazi kwa kila mtu. Testosteroni ya mwanamume huwa kileleni ujanani, kisha hupungua polepole kadiri miaka inavyosonga. Saratani ya tezi dume hufanya kinyume: kijana wa miaka 20 karibu haipati kabisa, na hatari huongezeka mwaka hadi mwaka baada ya 50. Ingekuwa wingi wa homoni ndio unaozaa ugonjwa, wodi zingejaa vijana. Zimejaa wazee. Jambo hili liko mbele ya pua zetu, lakini kauli iliyokaririwa ina nguvu ya kumfanya mtu asione alichokishika mkononi.

Wenye kutaka hesabu kubwa zaidi nao wanayo. Mwaka 2008 watafiti walikusanya pamoja tafiti 18 zilizopima homoni kwenye damu ya wanaume wazima kisha kuwafuatilia kwa miaka. Jumla ilikuwa wanaume 3,886 walioipata saratani ya tezi dume, wakilinganishwa na 6,438 ambao hawakuipata. Je, walioipata walikuwa na testosteroni nyingi zaidi? Hapana. Uhusiano haukuonekana.

Kabla ya hapo, mwaka 1996, Morgentaler na wenzake walikuwa wamechapisha jambo ambalo lingepaswa kumwamsha kila mwenye fikra za yule mzee wa benchini. Walichukua wanaume 77 wenye testosteroni ya chini na kipimo cha damu cha PSA kisichoonyesha tatizo. Kwa mujibu wa mafundisho, hawa ndio walio salama kuliko wote. Wakakatwa vipande vidogo vya tezi na kupimwa. Wanaume 11 kati yao, yaani asilimia 14, walikutwa na saratani. Upungufu wa homoni haukuwakinga.

Mwaka 2023 yakatoka matokeo ya jaribio la TRAVERSE nchini Marekani, lililohusisha zaidi ya wanaume 5,000 wenye testosteroni pungufu na dalili zake. Nusu walipewa testosteroni ya kupaka, nusu wakapewa kitu kilichofanana nayo lakini kisicho na dawa. Saratani ya tezi dume iligunduliwa kwa watu 12 upande wa kwanza na 11 upande wa pili. Nakiri mapema kwamba waliokuwa na dalili za hatari waliachwa nje tangu mwanzo, na kwamba miaka michache si maisha. Lakini kama testosteroni ingekuwa petroli na saratani ingekuwa moto, moshi ungeonekana.

Mpinzani wangu sasa atanyanyuka, na hoja yake ni nzito. Atasema: "Umekubali mwenyewe kwamba kuhasi kunaizuia saratani. Ikiwa kupunguza homoni kunaidhoofisha, basi kuongeza lazima kuinenepeshe. Huo ni mzani wa kawaida."

Mzani huo ndio chanzo cha upotofu wote. Aliyewahi kusoma kwa mwanga wa kibatari ananielewa. Kibatari kikikauka mafuta, mwanga hufifia kisha huzimika. Ukimimina kidogo, utambi unalowa na mwali unarudi. Lakini kikishakuwa na mafuta nusu, ukijaza hadi shingoni mwanga hauzidi hata chembe, kwa sababu utambi hunywa kadiri ya unene wake. Mafuta ni ya lazima, ila wingi wake una mpaka wa maana.

Ndivyo ilivyo tezi dume. Testosteroni haifanyi kazi kwa kuelea tu kwenye damu. Inajishika kwenye vipokezi vilivyo ndani ya seli, na vipokezi hivyo vina idadi. Vikishajaa, homoni ya ziada haina pa kukaa. Na hujaa mapema, kwenye kiwango cha homoni kilicho chini kuliko alichonacho mwanamume wa kawaida. Mwaka 2009 Morgentaler na mwenzake Abdulmaged Traish waliiandika hoja hii kwa ukamilifu. Kwa hoja hii, Huggins yuko sahihi anapozima kibatari kwa kukikausha, na hofu ya kizazi kizima kuhusu kukijaza inakosa msingi.

Mpinzani ana silaha ya pili, na sitaificha. Mwaka 1981 madaktari Fowler na Whitmore wa New York waliripoti wanaume 52 wenye saratani iliyosambaa ambao walikuwa wamepewa testosteroni. Walio wengi, 45, hali zao zilizidi kuwa mbaya, tena haraka. Ushahidi huo unatisha, na unapaswa kutisha. Lakini uulize walikuwa akina nani. Isipokuwa wanne tu, wote walikuwa wameshatibiwa kwa kuondolewa au kuzuiliwa homoni. Vibatari vyao vilikuwa vimekaushwa, kisha vikamiminiwa mafuta. Hapo mwali huweza kurudi, na mgonjwa huweza kuumia. Fowler na Whitmore wenyewe walitambua kwamba homoni ya kawaida ya mwilini huenda tayari imeichochea saratani karibu na kikomo chake. Onyo lao linabaki hai kwa aliyehasiwa. Halimhusu kila mwanamume anayetembea barabarani.

Ataleta na ya tatu: jaribio kubwa la Marekani la wanaume 18,882, lililotangazwa mwaka 2003, ambapo dawa ya finasteraidi ilipunguza saratani ya tezi dume kwa takriban robo. "Si dawa ya kuzuia homoni hiyo?" Ni kweli, lakini tazama inavyofanya kazi. Finasteraidi haipunguzi testosteroni kwenye damu. Hata huipandisha kidogo. Inachozuia ni testosteroni kugeuzwa kuwa homoni kali zaidi ndani ya tezi. Mwenye kudai kwamba wingi wa testosteroni kwenye damu ndio hatari, hapa ameleta shahidi anayemgeuka.

Kuna sehemu ya kazi ya Huggins ambayo wanaomnukuu huiruka, nayo ndiyo inayoniuma zaidi. Hakuishia mwaka 1941. Alihamia kwenye saratani ya matiti, akaitafiti kwa panya katika maabara ya Ben May iliyofunguliwa Chicago mwaka 1951. Mwaka 1962 yeye na wenzake walichapisha kwamba uvimbe wa matiti wa panya, uvimbe ambao kwa kawaida hutegemea homoni, waliweza kuuzima kwa kuwapa panya hao homoni kwa wingi: estradioli pamoja na projesteroni. Alipokwenda Stockholm kupokea Nobel, katika hotuba yake alieleza njia mbili za kuiangamiza saratani inayotegemea homoni. Moja ni kuinyima homoni. Nyingine ni kuivuruga kwa kuizidishia.

Tafakari hilo. Mtu tunayemtaja kama mwasisi wa "homoni ni sumu" ndiye aliyesimama mbele ya dunia akasema kwamba homoni, kwa kiasi na wakati wake, inaweza kuua saratani. Huggins aliona uhusiano wenye pande nyingi. Wafuasi wake wakauchonga ukawa upande mmoja, kwa sababu upande mmoja ni rahisi kufundisha.

Miongo kadhaa baadaye mlango ule aliouacha wazi ulisukumwa tena. Huko Johns Hopkins, Baltimore, daktari Samuel Denmeade na wenzake waliwachukua wanaume ambao saratani yao ilikuwa imeshindikana licha ya homoni zao kuzuiliwa, wakawapa testosteroni kwa vipimo vikubwa vinavyopanda na kushuka kila mwezi. Jaribio lao lililotangazwa mwaka 2021, la wanaume 195, lililinganisha njia hiyo na dawa ya kisasa ya enzalutamaidi. Testosteroni haikushinda wala haikushindwa. Muda wa saratani kutulia ulikuwa sawa pande zote mbili. Kwa kauli ya kale, wanaume wale walipaswa kuangamia wote. Tiba hiyo bado ni ya majaribio, hufanywa chini ya uangalizi mkali, na mtu asiijaribu nyumbani.

Kwa nini nalipigia kelele jambo la maabara za Chicago na Boston? Kwa sababu gharama yake tunailipa hapa. Katika nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara, saratani ya tezi dume ndiyo inayoongoza kwa wanaume, na wengi hufika hospitalini ikiwa imeshaingia mifupani, palepale ilipokuwa kwa wagonjwa wa Huggins mwaka 1941. Sababu ni nyingi: umbali, fedha, aibu ya kipimo. Lakini mojawapo ni hii imani iliyovaa koti la daktari, kwamba ugonjwa huu unawafuata wenye nguvu nyingi za kiume. Mzee akihisi nguvu zake zimepungua hujihesabu ameponyoka. Na aliyeugua hutazamwa kwa jicho la pembeni, kana kwamba amelipwa kwa maisha aliyoishi. Hatari zinazojulikana ni nyingine: umri, kuwa na baba au ndugu aliyeugua, na asili ya Kiafrika. Hakuna hata moja kati ya hizo ambayo mtu aliichagua.

Wapo pia watakaogeuza nilichosema. Wauzaji wa dawa za nguvu za kiume wasinichukue kuwa wakili wao. Sijasema testosteroni ni kinga, wala sijasema inunuliwe mtaani. Homoni isiyoandikwa na daktari ina madhara yake kwa damu, kwa moyo na kwa uzazi. Na mgonjwa wa saratani aliyeambiwa apunguziwe homoni, kwa sindano au kwa upasuaji wa korodani, asikimbie tiba kwa sababu ya makala yangu. Tiba hiyo ndilo lile dai la kwanza la Huggins, na limewapunguzia maumivu wanaume wasiohesabika.

Huggins alifariki Chicago mwaka 1997, akiwa na miaka 95. Alituachia ugunduzi mkubwa, na pamoja nao sentensi moja iliyobeba zaidi ya uwezo wake. Kumheshimu mwanasayansi ni kuusoma ushahidi wake hadi kwenye jedwali la mwisho, tukashika lililothibitika na kuliweka chini lisilothibitika. Nawaomba walimu wa udaktari walifundishe hivyo, na waandishi wa afya waache kurudia kauli ambayo hawajaihesabu.

Na wewe mzee wangu wa benchini, kama unanisoma, jibu lako hili hapa. Kupungua kwa homoni zako si ngao. Wanaume 11 kati ya wale 77 wangekuambia hivyo. Umri wako ndio unaokuita. Ukirudi kwa ajili ya macho, mwambie daktari unataka kuzungumza naye pia kuhusu kipimo cha tezi dume. Usingoje mifupa iseme.